Injini ya Mama Mkwe

Mzee Gicheru alikuwa na desturi ya kukataa chai mara mbili, kisha anakunywa vikombe vitatu. Siku hiyo alikataa mara moja tu, akapokea kikombe na kukiweka sakafuni bila kukigusa. Hapo Watiri akajua kwamba baba yake mdogo hakutoka Endarasha mpaka Nyeri kuja kusalimia.

Chumba chao cha Majengo kilikuwa na kiti kimoja. Mgeni alikalia kiti, na Ngatia, mume wa Watiri, akabaki kukalia kitanda anacholala na binti wa watu, mbele ya mzee wa watu, magoti yao yakikaribia kugusana. Mkwe hapaswi kuonekana hivyo, lakini umaskini hauna adabu. Ngatia aliinamisha kichwa na kusubiri.

"Sisi si watu wa kusumbua," Mzee Gicheru alianza. "Zile mbuzi za mahari ulisema zitaletwa baada ya Krismasi hatukuziona, tukanyamaza. Ukafutwa kazi, tukasema ni mambo ya dunia. Lakini sasa watoto wetu wanakunywa chai ya rangi, na kule kwetu ndama wanashiba maziwa mpaka wanaacha. Hiyo ni maneno gani?"

"Natafuta kazi, mzee."

"Unatafuta. Hata kuku anatafuta, lakini yeye jioni anaingia ndani ameshiba." Mzee alimtazama Watiri, aliyekuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni, halafu akapunguza sauti kana kwamba Ngatia hatasikia. "Mvua ikiisha kama huyu bado anatafuta, nitakuja kukuchukua na watoto. Si kwa ubaya. Msichana ambaye hajatolewa kitu ni wetu bado, na watoto ni wetu. Hiyo sheria sikuitunga mimi."

Ngatia aliijua sheria hiyo tangu utotoni. Alikuwa fundi wa injini za dizeli, na fundi mzuri, lakini karakana aliyofanyia kazi ilikuwa ya mzungu. Mzungu alipouza shamba na kurudi kwao, aliyenunua aligawa ardhi na kuuza vyuma kwa kilo. Tangu hapo Ngatia alikuwa akitengeneza baiskeli na taa za kandili, kazi ambazo watu hulipa kwa kusema asante. Alimsindikiza mzee mpaka stendi akiwa amembebea mwavuli, na mzee hakumwuliza hata mara moja kama yeye mwenyewe analowa.

* * *

Habari ya kazi ililetwa na Mama Saumu, mwenye nyumba, mwanamke mnene mwenye ulimi mkali na moyo laini, aliyezaliwa Majengo na kuapa kufia hapo hapo.

"Wewe Ngatia, acha kukaa kama kuku anayeumwa," alisema akiwa bado uani. "Ndugu yangu Yakubu anasema ile kampuni ya pampu na visiagi vya unga inatafuta fundi wa kuzunguka. Wa kwanza amekwenda Nairobi. Nenda leo. Kesho utakuta foleni mpaka kwa posta."

Akaenda. Aliyemhoji aliitwa Moffat, kijana aliyelelewa misheni, tai shingoni na grisi kidogo kwenye kucha. Alimwambia Ngatia aonyeshe viganja, akavitazama kama mtu anayenunua ng'ombe, kisha akamwashiria akae.

"Kazi ni ya barabara," alisema. "Leo Kagio, kesho Kianyaga, kesho kutwa Endarasha, na siku zingine hata hujui utalala wapi. Mashine ikizima, watu hawana unga. Bibi yako hatalia?"

"Bibi atalia nikikosa, Bwana."

Moffat alicheka, na kicheko hicho kilimtia Ngatia joto mwili mzima. "Sawa. Ijumaa tutatoka pamoja kwa mashine moja. Ukiiwasha ikasaga, kazi ni yako. Lakini sikia. Mimi sitafuti mtu wa spana peke yake, hao wako wengi. Fundi wa kuzunguka hajui hiyo injini ilikula nini jana. Lazima aulize mwenye mashine vizuri, amuulize tena, halafu ndio afungue. Umeelewa?"

"Nimeelewa kabisa."

Watiri alilifua ovaroli mara mbili na kulikausha juu ya jiko, likabaki na harufu ya moshi wa makaa. Alikuwa akiimba. Ngatia alikuwa amesahau kwamba mkewe huimba.

"Utakuwa unarudi Jumamosi kama mgeni," alimtania. "Na ndizi za Kagio kwa begi. Mimi nitakuwa nakuuliza, wewe ni nani na unataka nani?"

"Nitasema mimi ni fundi, nimeambiwa hapa kuna jiko bovu."

"Baba Wakonyo, utaiwasha?"

"Injini ni injini, Mama Wakonyo. Haijawahi kunikatalia."

Wala hakuwa akijisifu. Alisema hivyo kwa sababu ilikuwa kweli.

* * *

Ijumaa kulikuwa na ukungu mzito na manyunyu. Ngatia alifika kabla ofisi haijafunguliwa. Landrova ilipokuwa imeshapakiwa, Moffat alitoka ndani akifuatana na mwanamke mrefu aliyejifunga kitambaa cha bluu na kubeba kikapu.

"Huyu ni mwenyekiti wa kina mama wa Endarasha," Moffat alisema. "Kisiagi ni chao. Amelala mjini kwa jamaa ili twende naye. Mama, ingia hapa katikati. Fundi, wewe kaa mlangoni."

Ngatia alimtambua mara moja. Mwanamke yule alikuwa Wacera, mama mzazi wa Watiri.

Wacera naye alimwona. Alivuta kitambaa mpaka kikamfunika nusu ya uso, akageukia ukutani. Ngatia alipiga hatua mbili nyuma na kuangalia magurudumu. Katika miaka yote ya ndoa yao walikuwa wamekutana mara chache, na kila mara mmoja wao aliiacha njia na kusimama majanini mpaka mwenzake apite. Mkwe hampi mama mkwe mkono, hali naye chakula, na zaidi ya yote hakai naye bega kwa bega, paja kwa paja, kwenye kiti cha gari. Na huyu alikuwa mkwe ambaye hata mbuzi hajatoa.

"Nitakaa nyuma, Bwana," alisema.

"Nyuma kuna vyuma na mvua. Fundi wangu atakaa nyuma kama kondoo?"

"Nimezoea."

Moffat alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akapandisha mabega. Alikuwa Mkikuyu kama wao, lakini misheni ilikuwa imemfundisha kusalimia kila mtu kwa mkono, hata mama mkwe wake mwenyewe. Mambo hayo kwake yalikuwa ya wazee waliokufa, na hakuyatambua hata yalipokuwa mbele yake. Akawasha gari.

Njia nzima, kupita Mweiga mpaka kule vilimani, Ngatia alikaa juu ya gurudumu la akiba, akipigwa na upepo wa mlima. Hakulalamika. Alijiambia kwamba hata hii ni baraka. Mama mkwe ataona kwa macho yake mkwe akiamsha mashine yake, na jioni Mzee Gicheru atakosa la kusema. Maskini huota hata akiwa macho.

* * *

Kisiagi kilikuwa ndani ya kibanda cha mabati kando ya barabara. Kina mama walikuwa wamekwisha kufika na magunia ya mahindi, kwa sababu tangu mashine izime walikuwa wakibeba mizigo mgongoni mpaka kituo kingine, mwendo wa nusu siku kwenda na kurudi. Walimpokea fundi kwa kumwimbia. Moffat alikaribishwa chai katika nyumba ya jirani, na Ngatia akabaki na injini.

Haukupita muda mrefu akaona ugonjwa wa kwanza. Chujio la dizeli lilikuwa limejaa matope na bomba lilikuwa limeingiwa na hewa. Jambo dogo. Lakini alipofungua tangi la maji la kupozea injini, alikuta ni kavu kabisa. Akachuchumaa, akafikiri. Tangi kavu lina maana mbili. Ama maji yalimwagwa na mtu, ama yalichemka yakaisha injini ikiwa inafanya kazi. Kama yalichemka, swali lilikuwa moja. Je, kuna mtu aliyemwagia injini maji baridi ikiwa bado moto? Chuma cha moto kikimwagiwa maji baridi hupasuka. Ikiwa ni hivyo haifai kuiwasha. Inafaa kufungua kichwa chote cha injini na kutazama, kazi ya siku nzima.

Mwenye kujua alikuwa Wacera. Ufunguo wa kibanda ulikaa shingoni mwake. Naye alikuwa amesimama nje, pembeni, akiupa mlango mgongo kwa sababu mkwe wake alikuwa ndani.

Ngatia alimwita mwanamke aliyekuwa karibu, jina lake Murugi. "Tafadhali muulize mama, injini ilipata moto? Ama maji walimwaga tu?"

Murugi alisitasita, akaenda. Swali alilibeba polepole kuliko alivyopaswa.

Ukweli ulikuwa huu. Siku mashine ilipozima, mwendeshaji alikuwa amekwenda mazishini. Wacera, ambaye ndiye aliyepiga marufuku mwanamke yeyote kugusa injini, aliiwasha mwenyewe kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na watu wananung'unika. Ikachemka na kutoa moshi. Kwa hofu akapiga kelele aletewe maji, na Murugi akaleta ndoo kutoka mtoni, maji ya barafu ya mlima. Wacera akaimwagia yote. Injini ililia kama mbuzi, ikanyamaza. Wawili hao hawakumwambia mtu. Na sasa Wacera aliulizwa habari hiyo mbele ya kina mama wote, na anayeuliza ni mume wa binti yake.

"Mwambie haikupata moto," alisema bila kugeuka. "Maji tuliyamwaga nje ili yasigande na baridi."

Murugi akalirudisha jibu, macho chini.

Ngatia alilisikia, na masikio yake hayakulipenda. Endarasha ina baridi, ndiyo, lakini nani alimfundisha mama huyu kumwaga maji? Angekuwa mteja mwingine, angetoka nje, angesimama mbele yake na kusema, Mama, niangalie, hebu niambie tena. Ndivyo Moffat alivyomwagiza, na ndivyo kazi ilivyo. Lakini kumuuliza mama mkwe mara mbili ni kumwita mwongo. Na kufungua kichwa cha injini baada ya jibu lile kulikuwa ni kumwita mwongo kwa spana. Alisimama pale na bisibisi mkononi, akapima, akapima tena. Halafu akajaza maji, akatoa hewa kwenye bomba, akashika hendeli na kuizungusha kwa nguvu zote.

Injini iliwaka. Kina mama walipiga vigelegele, mmoja akaanza kucheza na debe kichwani. Moffat alitoka mbio na kikombe mkononi, akasimama mlangoni akitabasamu. "Wewe!" alisema. "Wewe ni mtu!" Gunia la kwanza lilimwagwa, na unga ukaanza kutoka, mweupe na wa moto. Kwa dakika chache Ngatia alikuwa mtu mwenye kazi.

Kisha sauti ikabadilika. Moshi mweupe ulijaa kibanda. Ngatia aliruka kuzima, lakini kabla mkono haujafika ukatokea mlio kama jiwe lililoangukia bati, na injini ikasimama ghafla, ikaganda. Mkanda ulitoka ukampita mtu sikioni. Baada ya hapo yalisikika maji tu yakidondoka.

Ngatia alipiga magoti. Ubavuni mwa kichwa cha injini palikuwa na ufa, mrefu kama kidole, uliokuwa sasa umeachama. Ndani ya ufa mlikuwa na kutu. Kutu haioti kwa dakika chache, huo ulikuwa ufa wa siku nyingi. Akageuza uso kidogo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yao macho yake na ya Wacera yakakutana. Mwanamke yule akavuta kitambaa mpaka machoni.

"Imepasuka," Moffat alisema. Tabasamu lilikuwa limekwisha. "Tangi lilikuwa na maji ulipokuja?"

"Lilikuwa kavu, Bwana."

"Kavu! Na ukauliza kama ilichemka? Si nilikuambia? Si ndio kitu ya kwanza nilikuambia? Uliuliza mama ama hukuuliza?"

Kina mama wote walikuwa wamesogea. Murugi aliziba mdomo kwa ncha ya leso. Neno moja lingetosha, nalo lilikuwa la kweli. Lakini lingemvua nguo mwanamke mzima mbele ya wale waliomchagua, na mwanamke huyo ndiye aliyemzaa Watiri. Mtu atarudi vipi kwa watu hao kuomba mke, akiwa amewafanyia hivyo? Ngatia alichukua kitambaa chake cha kufutia oili, akaufunika ufa na kutu yake.

"Sikuuliza," alisema.

"Kwa nini?"

"Ni mama wa bibi yangu. Niliona aibu."

Hasira ya Moffat iligeuka huruma, na huruma hiyo ilimwumiza Ngatia zaidi. "Ndugu yangu," alisema, "hapa una mama mkwe. Kagio utapata shangazi. Kianyaga utapata mzee wa rika ya baba yako. Mlima huu wote ni jamaa ya mtu. Hii kazi huwezi."

Kisha akawageukia kina mama na kuwaambia kwamba fundi huyu si wa kampuni, alikuwa wa kujaribiwa tu, na kwamba kichwa kipya watanunua wenyewe. Hapo matusi yakaanza. Mwanamke aliyekuwa akicheza na debe alimtemea Ngatia mate miguuni. Wacera aliokota kikapu chake, akaondoka. Waliobaki walidhani ni uchungu wa mashine.

Wakati wa kurudi, Moffat alimfungulia mlango wa mbele. "Kaa hapa," alisema. "Sasa hakuna mkwe."

* * *

Watiri alikuwa amepika njahi, maharagwe meusi ya siku ya furaha, na ndizi mbivu ndani yake. Alimwona mumewe akiingia uani, akaanza kupunguza makaa jikoni kabla hajaambiwa kitu.

"Ilikataa?"

"Niliiharibu."

"Wewe? Ati wewe?"

"Ilikuwa kisiagi ya mama yenu. Niliiwasha vibaya ikapasuka."

Angeweza kumwambia ukweli. Ulimi ulimwasha. Lakini aliona wazi mahali mkewe anapokwenda kulala mvua ikiisha, na anayekwenda kula mkononi mwa mama yake haifai aende na chuki. Watiri aliketi chini, akaufunika uso kwa kanga. Alilia kwa hasira, si kwa huzuni, na hasira yote ilikuwa ya Ngatia. Njahi zililiwa na watoto.

Mama Saumu alipolisikia jambo la kukaa nyuma ya gari, alipiga makofi. "Kwetu mama mkwe ni mama, unamshika mkono, unakaa naye na kuongea. Nyinyi heshima yenu itawaua." Kisha akamletea Ngatia tochi mbovu ya kutengeneza, apate cha kushika.

Mvua haikungojwa iishe. Mzee Gicheru alikuja wiki iliyofuata, na safari hii hakukalia kiti wala hakutaka chai.

"Wewe nilikuambia utafute kazi," alisema. "Sikukuambia uende umalize ya wengine. Kina mama wanabeba mahindi kama punda. Mama Watiri hatoki nyumbani, amekuwa mgonjwa wa roho."

Ngatia alikuwa akifunga vitu vya watoto ndani ya shuka, fundo juu ya fundo, taratibu, kana kwamba ni kazi aliyoajiriwa. Mtoto mkubwa, Wakonyo, aliuliza kama baba naye anakuja. Aliambiwa baba atakuja Jumamosi.

Mzee alikuwa tayari ameushika mzigo alipokumbuka jambo. Alitoa mfuko mdogo chini ya koti lake, uso ukionyesha amechukia hata kuubeba. "Huu unga ni wako. Umetoka kwa Mama Watiri. Alisema niuweke kwa mkono ya fundi mwenyewe, nisipe mtu mwingine, na niseme ameshukuru. Nikamuuliza, unamshukuru nani, huyu aliyekumalizia mashine? Akaanza kulia. Wanawake siwaelewi."

Ngatia aliupokea kwa mikono miwili, jinsi kitu cha mkwe kinavyopokewa. Watiri alikuwa mlangoni, mtoto mgongoni. Alimtazama baba yake mdogo, akautazama mfuko, na uso wake ukabadilika polepole.

"Baba Wakonyo," alisema, "mama alikufanyia nini?"

"Mwambie nimepokea."

"Nakuuliza, mama alifanya nini kule?"

"Twende," Mzee Gicheru alisema. "Gari haitungoji sisi." Akamsukuma kwa upole begani, na Watiri akaenda akigeuka nyuma, anakwenda anageuka, mpaka kona ya msikiti ikamficha.

Jioni Mama Saumu alichungulia, akamkuta Ngatia amekaa kwenye kile kiti kimoja, mfuko wa unga mapajani.

"Na hujapika? Unga si huo?"

"Sufuria nimewapa waende nayo," Ngatia alisema. "Ni ya uji wa mtoto."